Sura ya Sita: Mpira wa Majitaka na Viungio Vyake

Gari-nyumba ni gari au tela lililojengewa kitanda, jiko, bafu na choo ili watu waweze kuishi humo wakiwa safarini, na kwa kuwa halikuungwa na bomba la mji wowote, hulazimika kubeba majitaka yake lenyewe mpaka lifike mahali panaporuhusiwa kuyamwaga. Magari ya aina hii yameenea mno Marekani na Kanada, na mengi kati ya yale yanayouzwa Marekani huundwa katika mji wa Elkhart na viunga vyake, jimboni Indiana, ambako ufundi huo umekuwa tegemeo la ajira kwa vizazi kadhaa. Chini ya sakafu yake hukaa matangi mawili au zaidi: moja la maji meusi, yaani yanayotoka chooni, na jingine la maji ya kijivu, yaani yanayotoka kwenye sinki na bafu. Tangi la lita 110 hadi 190 ni la kawaida, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, tangi lililojaa huongeza mzigo ambao gari lenyewe haliwezi kuubeba kwa siku nyingi bila kuutua.

Kila tangi lina vali yake, ambayo ni kibao chembamba cha plastiki kinachoteleza ndani ya fremu na kuvutwa kwa mkono kutoka nje ya gari. Vali ya maji meusi kwa kawaida ina upana wa inchi 3, na ile ya maji ya kijivu huwa na inchi 1.5, lakini mabomba yote mawili hukutana kabla ya kutokeza ubavuni mwa gari kwenye mdomo mmoja wa inchi 3, ambao ni takribani milimita 75. Hapo ndipo mpira wa majitaka hufungwa, nao ndio unaoyapeleka yaliyomo hadi kwenye tundu la ardhini, iwe ni kambini, ambako kila nafasi ya kuegesha inaweza kuwa na tundu lake, au kwenye kituo cha pamoja cha kumwagia, ambako magari hupanga foleni siku ya kuondoka. Ulaya jambo hili halina uzito uleule, kwa sababu magari-nyumba mengi ya huko hutumia choo cha kaseti, yaani kisanduku chenye ujazo wa lita 20 hivi kinachochomolewa na kubebwa kwa mkono hadi mahali pa kumwagia. Kwa hiyo utaalamu wa mpira wa majitaka, pamoja na biashara kubwa iliyouzunguka, kimsingi ni wa Amerika Kaskazini.

Jambo la kwanza la kuelewa kuhusu mpira huu ni kwamba hauna pampu nyuma yake. Msomaji aliyezoea kuona magari ya kunyonya vyoo yakifanya kazi Dar es Salaam au Nairobi anajua mpira mzito wenye mbavu ngumu, ambao umetengenezwa hivyo kwa sababu pampu huvuta hewa kutoka ndani yake, na ukuta laini ungebonyea na kuziba njia. Mpira wa gari-nyumba hauvutwi wala hausukumwi. Maji hushuka kwa uzito wake yenyewe, na ndiyo maana ukuta wake unaweza kuwa mwembamba kiasi cha kushangaza, ukashikiliwa na waya uliozungushwa ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho. Wepesi huo una faida, kwa kuwa mpira hukunjika na kufinyika hadi sehemu ndogo ya urefu wake, lakini una gharama pia: mpira mwembamba usio na nguvu ya kusukuma maji hutegemea mteremko kwa kila kitu.

Kanuni ambayo mafundi bomba huitumia kwa mabomba yanayoshusha maji bila pampu ni kushuka robo inchi kwa kila futi, yaani sentimita 2 hivi kwa kila mita. Kwa mpira wa futi 15, ambao ni kama mita 4.5, mwanzo wake unapaswa kuwa juu ya mwisho wake kwa sentimita 9 au zaidi, tena bila bonde lolote katikati. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mpira uliolazwa chini hufuata ardhi, na ardhi ya kambi ina changarawe, mizizi na vishimo. Kila penye bonde maji husimama, vitu vizito hutua, na karatasi ya chooni hujikusanya hapo hapo. Isitoshe, mpira wa inchi 3 wenye urefu wa mita 4.5 ukijaa kabisa hubeba takribani lita 20, kwa hiyo mtu anayejaribu kuuinua katikati ili ujitoe uchafu anainua kilo 20 za majitaka kwenye ukuta ambao unene wake haufiki milimita moja, huku viungio vya ncha zote mbili vikivutwa. Kwa sababu hiyo, kitegemezi cha mpira, yaani ngazi ya plastiki inayojikunjua kama jongoo na ambayo kimo chake hupungua polepole kutoka upande wa gari hadi upande wa tundu, si kifaa cha anasa. Faida yake ni kubwa kuliko tofauti iliyopo kati ya mpira wa bei rahisi na wa bei ghali.

Hata hivyo, kinachotangazwa zaidi madukani ni unene. Wamarekani huupima kwa mili, kipimo ambacho ni sehemu moja ya elfu ya inchi, na ambacho hakina uhusiano na milimita licha ya kufanana kwa majina. Mipira ya bei ya chini huwa na mili 15 hivi, sawa na milimita 0.38, na iliyo imara hufika mili 23, sawa na milimita 0.58, au kupita hapo kidogo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mkononi inahisika mara moja: mpira mwembamba hubonyea kwa kidole na hukwaruzika unapoburutwa juu ya saruji, ilhali mnene hurudi katika umbo lake na huvumilia kuvutwa. Mnunuzi anayekaa mahali pamoja wiki kadhaa, au anayehamahama majira yote ya kiangazi, ana sababu ya kulipia unene huo. Anayesafiri mara mbili kwa mwaka hana sababu kubwa, mradi awe tayari kununua mwingine mapema.

Malighafi yenyewe, yaani kitu ambacho ukuta umetengenezwa kwacho, ina uzito kuliko namba ya unene, ingawa matangazo huitaja kwa maandishi madogo. Mipira ya kale na ya bei nafuu ni ya vinaili, plastiki ya jamii ya PVC ambayo hulainishwa kwa kemikali maalumu. Kemikali hizo huhama na kupotea kadiri jua na joto linavyofanya kazi yake, na vinaili iliyopoteza ulaini wake hukauka na kupasuka penye mkunjo. Baridi nayo huikaza hata ikiwa mpya. Mipira ya hali ya juu hutengenezwa kwa poliolefini au kwa elastoma ya thamoplastiki, ambayo ni plastiki yenye tabia ya mpira, nayo hubaki laini katika baridi na hustahimili kukunjwa mara nyingi. Ikiwa mnunuzi analazimika kuchagua kati ya vinaili nene na elastoma nyembamba kidogo, ya pili ndiyo itakayomfaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu mipira mingi haifi kwa kuchakaa ukuta ulionyooka bali kwa kupasuka mahali inapojipinda.

Kuhusu urefu, mipira huuzwa kwa futi 10, 15 na 20, na kuna vipande vya nyongeza vya futi 5 na 10. Mpira mrefu kuliko haja ni kosa la kawaida, kwa kuwa ziada hujizungusha chini, na kila mzunguko ni bonde. Mpira mfupi nao huacha gari likiegeshwa kwa kulazimishwa, au huvutwa mpaka kiungio kikachomoka. Njia inayofaa ni kuwa na mpira wa msingi wa futi 15 kwa matumizi ya kila siku na kipande cha futi 10 kinachobaki kwenye boksi lake mpaka siku tundu litakapokuwa mbali au upande usiotarajiwa. Ni kweli kwamba kila kipande huongeza kiungio, na kila kiungio ni mahali pa kuvuja, lakini kipande kisichofungwa hakivuji.

Viungio vyenyewe ndipo fedha inapopaswa kutazamwa kwanza, na ndipo wanunuzi wengi wanapotazama mwisho. Mdomo wa gari una vinundu vinne vifupi vilivyochomoza pembeni. Kiungio cha mpira kina kulabu ambazo huwekwa kati ya vinundu hivyo na kuzungushwa mpaka zivikamate na kukaza. Kinachozuia maji hapo si kulabu bali pete ya mpira iliyolala ndani ya kiungio, ambayo mafundi huiita oringi au sili kulingana na umbo lake, na ambayo inabanwa pale kulabu zinapokaza. Pete iliyokauka, iliyopinda au iliyoachwa na punje ya mchanga itavuja hata kama mpira wote uliobaki ni wa bei ya juu kabisa. Kiungio kizuri kina kulabu nne badala ya mbili, kina mahali pa kushika vidole, na shingo yake huzunguka peke yake, ili mtu anapokaza asiusokote mpira mzima. Upande wa pili wa kiungio, mpira huingizwa juu ya shingo yenye mifereji na kufungwa kwa kibano cha chuma chenye skrubu. Vibano vinavyouzwa pamoja na mipira ya bei rahisi hupata kutu mapema, na kuvibadilisha kwa vya chuma kisichoshika kutu ni kazi ya dakika chache. Mipira iliyofungwa viungio kiwandani, ambayo haina kibano cha kulegea, imepunguza tatizo hili, ingawa inapoharibika nchani haikatiki na kufungwa upya kwa urahisi.

Kwenye ncha ya chini hutumika elbo, yaani kiungio kilichopinda kama kiwiko, chenye ngazi za skrubu zinazoingia kwenye matundu ya inchi 3, 3.5 na 4. Elbo angavu, ambayo mtu huona kinachopita ndani yake, ni bora kuliko isiyo angavu, kwa sababu huonyesha kama tangi limeisha kutoka au limesita. Tundu lenye skrubu zilizoharibika hukabiliwa kwa pete nene ya mpira laini inayogandamizwa mdomoni. Inafaa kutajwa hapa kwamba vipimo vya mfumo huu, tangu mabomba ya ndani ya gari hadi matundu ya kambini, kwa miaka mingi vimewekwa katika viwango namba 1192 na 1194 vya National Fire Protection Association, chama ambacho jina lake linahusu moto. Ni kwa sababu ya usawa huo wa vipimo kwamba mpira ulionunuliwa Florida hufunga bila matata Arizona.

Matumizi sahihi ni sehemu ya utunzaji, kwa maana mipira mingi huharibiwa na mpangilio mbaya wa kazi. Vali ya maji meusi hubaki imefungwa mpaka tangi lifike theluthi mbili au zaidi. Mtu aliyeunga mpira kambini hushawishika kuiacha wazi, akidhani kwamba uchafu utateremka wenyewe kama nyumbani, lakini kinachotokea ni kwamba maji hukimbia na vigumu hubaki, vikajirundika chini ya choo na kukauka mpaka vikawa piramidi, ambalo ndilo jina hasa wanalolitumia wenye magari haya. Rundo hilo likishafanyika, mpira usio na lawama yoyote huanza kulaumiwa kwa kuziba. Tangi lililojaa, kinyume chake, hutoka kwa kishindo kimoja chenye nguvu ya kubeba kila kitu. Maji meusi hutangulia, ya kijivu hufuata, ili sabuni na maji ya bafu yausafishe mpira kabla haujafunguliwa. Watumiaji waangalifu huongeza hatua moja mwanzoni: huifungua vali ya kijivu kwa muda mfupi sana, huangalia viungio vyote, kisha huifunga. Ikiwa kuna mahali panapovuja, ni afadhali pavuje maji ya vyombo.

Hofu ya jambo hili kwenda vibaya imeingia hata katika sinema za Marekani. Filamu ya RV ya mwaka 2006, iliyochezwa na Robin Williams, ina onyesho zima la kumwaga tangi linalogeuka kuwa balaa, na katika National Lampoon's Christmas Vacation ya mwaka 1989 ndugu Eddie, aliyechezwa na Randy Quaid, anasimama barabarani asubuhi akimwaga choo cha gari lake kwenye mtaro wa maji ya mvua. Watazamaji hucheka, lakini kisheria na kiafya mfano wa pili ndio mbaya zaidi: mtaro wa maji ya mvua kwa kawaida huelekea mtoni bila kupita mahali popote pa kusafishia, ilhali majitaka hubeba vimelea vya kuhara na vya homa ya ini aina A.

Kwa sababu hiyohiyo, usafi wa mpira hauwezi kutenganishwa na usafi wa maji ya kunywa. Gari-nyumba hubeba angalau mipira miwili mingine, mmoja wa maji ya kunywa, ambao mara nyingi ni mweupe au wa bluu, na mwingine wa kusuuzia, ambao unapaswa kuwa wa rangi tofauti kabisa na kuhifadhiwa upande wa pili wa gari. Mpira wa maji ya kunywa hautumiki kamwe kusuuzia mpira wa majitaka, hata kwa dakika moja, hata kama ule wa kusuuzia umesahauliwa nyumbani. Bomba la kituo cha kumwagia lenye kibao kinachosema maji hayo si ya kunywa ni la kusuuzia tu, na busara ni kulichukulia hivyo hata pasipo na kibao, kwa kuwa mdomo wake umeguswa na mikono ya watu wengi waliokuwa na kazi ileile. Mpira wa kusuuzia ukiingizwa ndani ya tundu au ndani ya mpira wa majitaka, shinikizo la bomba likishuka ghafla linaweza kuvuta uchafu kurudi nyuma. Kifaa kidogo cha kuzuia maji kurudi, kinachofungwa bombani, huondoa hatari hiyo.

Kusuuza kwenyewe hakuhitaji dawa nyingi. Maji safi yanayopitishwa mpaka elbo ioneshe maji meupe, kisha mpira kuinuliwa hatua kwa hatua kutoka upande wa gari kuelekea kwenye tundu ili tone la mwisho litoke, hufanya kazi kubwa kuliko chupa ya kemikali. Jiki iliyochanganywa na maji mengi inaweza kutumika mara chache kupunguza harufu na vimelea, lakini ikitumika kila mara hukausha pete za mpira, na isichanganywe kamwe na dawa nyingine za choo, kwa kuwa klorini ikikutana na amonia au tindikali hutoa gesi ya sumu. Dawa za tangi zenye fomaldehaidi nazo hazifai, kwa sababu huua bakteria wanaofanya kazi ya kuozesha majitaka kwenye mashimo ya kambi. Pete na vali hupakwa grisi ya silikoni. Grisi ya mashine na mafuta ya petroli huvimbisha na kulegeza aina nyingi za mpira, na fundi wa magari aliyezoea kupaka grisi ileile kila mahali huweza kuharibu pete zote kwa nia njema. Kazi yote hufanywa kwa glavu, na glavu hutupwa kabla ya kugusa mlango wa gari.

Kuhusu kuhifadhi, matela mengi ya Marekani yana bampa ya nyuma ya chuma yenye umbo la mraba wa inchi 4, iliyo wazi ndani na kufunikwa kwa vifuniko, na kwa miaka mingi hapo ndipo mpira ulipotiwa. Mahali hapo pana kasoro tatu: ndani hupata kutu, na kutu hukwaruza mpira, hewa haipiti, kwa hiyo unyevu hubaki, na viungio vya kisasa ni vipana kuliko nafasi iliyopo, jambo linalomlazimu mwenye gari kuvifungua kila mara na hivyo kulegeza sehemu ile ile ambayo haikupaswa kuguswa. Mrija wa plastiki wenye matundu ya hewa, uliofungwa chini ya fremu, ni bora zaidi. Popote mpira unapowekwa, ncha zake hufungwa kwa vifuniko, na huwekwa mbali na jua, kwa kuwa miali yake huzeesha plastiki upesi kuliko matumizi.

Majira ya baridi huleta shida ya namna nyingine. Maji yaliyobaki kwenye bonde la mpira huganda, na mpira uliogandishwa ukikunjwa hupasuka, ukiwa wa vinaili hasa. Wale wanaokaa kambini wakati wa theluji huuondoa mpira na kuufunga siku ya kumwaga tu, au huweka bomba gumu la PVC lenye mteremko wa kudumu, uliohakikishwa kwa pima maji, na kulizungushia utepe wa umeme wa kupasha joto uliokubaliwa kwa bomba la aina hiyo. Na pale tundu linapokuwa juu kuliko gari, au mbali mno, hakuna mpira wa inchi 3 utakaofaa. Hapo hutumika pampu ya kusaga, inayoendeshwa kwa umeme wa volti 12, ambayo husaga vigumu na kuyasukuma majitaka kupitia mpira mwembamba wa upana wa inchi moja hivi, hata mlimani, ingawa kwa mwendo wa polepole na kwa hatari ya kukwamishwa na kitu chochote kisichosagika.

Ukaguzi wa mwanzo wa msimu ni rahisi. Mpira hukunjuliwa wote juani, hufungwa ncha moja, hujazwa maji safi na kulazwa juu ya saruji kavu kwa muda, kisha huinuliwa na kutazamwa palipolowa. Matundu madogo kama ya sindano hutokea zaidi mahali pawili: sentimita chache kutoka kwenye kiungio, ambapo mpira hujipinda kila siku, na kwenye migongo ya mbavu zake upande uliokuwa ukiburutwa. Tundu lililo karibu na kiungio, ikiwa kiungio ni cha kibano, huondolewa kwa kukata sehemu iliyoharibika na kufunga upya. Lililo katikati hufunikwa kwa utepe usiopitisha maji ili safari iishe, lakini utepe huo hauaminiki kwa zaidi ya kumwaga mara moja au mbili, kwa sababu panapotokea tundu moja la kuchakaa, ukuta wa jirani nao umefikia unene uleule. Hapo mpira husuuzwa, hukaushwa, hufungwa ndani ya mfuko na kutupwa pamoja na taka za kawaida, na viungio vyake, kama pete bado ni laini, huvuliwa na kuwekwa akiba kwa ajili ya mpira utakaofuata.